Kozi ya wikiendi ya programu huria hapa Mombasa: mwalimu safi, silabasi nusu

Nianze na jibu kabisa kwa wale hawana wakati wa kusoma: mwalimu ajua kazi yake, bei imezidi, na yale mambo ya maana kuhusu kuanza kuchangia programu huria (zile ambazo kodi yake, yaani maandishi yanayoiunda programu, iko wazi kwa wote) hawakuyagusa. Nyota mbili na nusu kati ya tano. Jina la hao watu siliweki, ila kama waishi kisiwani na ushaona mabango yao ya kukugeuza programa wa kimataifa kwa wikiendi moja basi ushawajua.

Bei ni shilingi 4,500, Jumamosi na Jumapili, chai ya asubuhi na mahamri ndani, chakula cha mchana wajitegemea, laptopu uje na yako. Darasa lilijaa, wengi wanafunzi wa vyuo, wachache kama mie tulio na kazi zetu na twataka tu kujua hii dunia ya GitHub (tovuti ambapo watu huweka kodi za programu na kushirikiana) yaingiwa vipi, maana siku hizi hata tangazo la kazi ndogo ya kutengeneza tovuti wakuuliza akaunti yako ya GitHub ina nini ndani.

Nianze na zuri. Asubuhi ya kwanza yote ilikuwa Git, ile programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, na hapo sina la kulalamika. Mwalimu hakuleta slaidi, alifungua terminali tu akaanza kuandika na sie twamfuata, akatueleza vile Linus Torvalds, yule aliyeanzisha mfumo wa Linux, aliitengeneza mwaka 2005 baada ya waliokuwa wakiunda Linux kunyang'anywa leseni ya bure ya ile programu waliyokuwa wakitumia mbeleni, na kwa vile watu wenyewe walikuwa wametapakaa dunia nzima ikabidi kila mtu awe na nakala kamili ya mradi kwenye mashini yake. Kwetu sie hiyo ni habari kubwa. Maana yake waweza kuwa kwenye feri ya Likoni bila neti wala bando ukaandika, ukakomiti (kuyahifadhi mabadiliko kwenye historia), ukafungua tawi jipya, ukarudi nyuma ukaangalia nani alibadilisha nini miaka kumi iliyopita, intaneti yaja kuhitajika wakati wa kuvuta ya wengine au kupushi, yaani kupandisha yako, tu (sisemi utoe laptopu kwenye feri, nasema tu yawezekana).

Halafu akatuonyesha vile mradi mkubwa haukloniwi (kuteremshwa nakala yake) wote. Ukiandika git clone --depth 1 wapata hali ya sasa bila historia, na ukiweka --filter=blob:none historia yaja lakini mafaili ya zamani yateremshwa pale unapoyahitaji. Mtu anayenunua bando ya siku kwa siku aelewa mbona nalitaja hili. Nyaya za intaneti za baharini za TEAMS na SEACOM zimetua hapa hapa kwetu tangu 2009, na bado sie tulio karibu nazo kabisa ndo twakaa kuhesabu MB.

Kisha ile shida ya kuingia. Video nyingi za zamani za YouTube zakwambia ukipushi weka paswedi yako ya GitHub, na hiyo GitHub waliikata Agosti 2021, sasa ni tokeni (neno refu la siri unalotengenezewa) ama ufunguo wa SSH (faili la siri kwenye mashini yako). Darasa zima likakwama hapo. Huyu mwalimu alipita meza kwa meza, hakumkasirikia mtu, hakunyanyua sauti, mpaka kila laptopu ikapushi. Kuna mama mmoja mbele yangu laptopu yake ilikuwa na Windows ya zamani sana na yeye pia akapushi. Nyota mbili zote zimetoka hapo.

Baada ya chakula ndo mambo yakaanza kwenda upande. Zoezi la kuchangia lilikuwa hivi: foku repo ya mwalimu (yaani jitengenezee nakala ya hifadhi ya mradi wake), ongeza jina lako kwenye faili la orodha, fungua puli rikwesti au PR (ombi la mabadiliko yako yapokewe), mwalimu aimeji (aiunganishe na mradi), makofi, picha. Sasa hilo zoezi kuna mradi uitwao First Contributions pale GitHub wafanya hivyo hivyo kabisa, bure, na maelezo yake yametafsiriwa lugha kibao. Si zoezi baya, mkono wajifunza njia, lakini huo si mchango, hakuna mtu duniani alikuwa akilingoja jina langu kwenye lile faili. Na ndilo lililoandikwa kwenye cheti: "amechangia miradi ya programu huria." Miradi, kwa wingi!

Jumapili ikawa mbaya zaidi. Tukaambiwa tutafute repo kubwa zenye nyota nyingi, tufungue README (faili la maelezo ya mradi), tutafute koma iliyokosekana au tuongeze sentensi, tufungue PR, ili ile chati ya kazi zako kwenye profaili iwe kijani. Nikamuuliza, "Mwalimu, samahani, hawa wenye mradi si wataudhika?" Akanijibu, "Wewe fungua tu, wakikataa hupungukiwi kitu."

Mie sikufungua, na ntawaambia kwa nini. Kuna hii shughuli ya Oktoba iitwayo Hacktoberfest, DigitalOcean waliianzisha 2014, ulikuwa ukifungua PR kadhaa mwezi huo wapewa fulana. Mwaka 2020 ikatoka video moja ya YouTube ikionyesha vile unavyoongeza maneno matupu kwenye README ukahesabiwa, na watu wakafuata, wasimamizi wa miradi wakaamka na lundo la PR za "amazing project" na vitu kama hivyo, wengine wakatishia kufunga milango. Waandalizi ikabidi wabadilishe sheria mwezi wenyewe haujaisha, mradi uwe umejiunga kwa hiari yake ndo PR zihesabiwe. Na 2023 fulana zikaondolewa zikaja beji za kidijitali. Yaani hili jambo lishatokea, likaandikwa, likajulikana, halafu kozi ya kulipia yaja kutufundisha tulirudie. Wasimamizi wengi wafanya hii kazi usiku wakitoka kwenye kazi zao za mchana na hawalipwi hata senti. Ukimpelekea koma ambayo hukuisoma hata sentensi yake, umemlia wakati, na jina lako lipo pale pale juu ya PR.

Mie ningelipa hata elfu sita kama zile saa za Jumapili wangetufundisha kuchagua mradi. Hicho ndo kigumu. Git waijua kwa siku moja, lakini kujua mlango gani ugonge yachukua muda. Nimejifunza mwenyewe baadaye, na wala si siri: usiangalie PR zilizo wazi, angalia zilizofungwa. Je, za watu wa nje zimemejiwa au ni za wafanyakazi wa kampuni peke yao? Wasimamizi wajibu baada ya siku mbili au baada ya miezi? Na wajibu vipi, mtu akikosea waeleza au wamkata maneno? Komiti ya mwisho ni ya lini? Faili la CONTRIBUTING, la maelekezo kwa wachangiaji, lipo? Leseni ipo? Repo bila leseni hata kama yaonekana na kila mtu kisheria huna ruhusa ya kuitumia vile utakavyo, na hilo wengi hawalijui. Miradi mingine yataka usaini makubaliano kabla hawajapokea kodi yako, mingine yataka tu ukomiti na -s ili jina lako liandikwe pale chini kwamba kazi ni yako au una haki ya kuitoa. Hivi vitu vyasomwa kwa dakika kumi na vyaokoa mtu wiki nzima ya kusumbuka.

Ile lebo ya "good first issue" nayo waliitaja wakapita. Ni kitu kizuri, mwisho wa anwani ya repo yoyote pale GitHub ukiongeza /contribute wapata ukurasa wa isyu (kazi na hitilafu zilizoorodheshwa) za wanaoanza kama mradi umeziwekea lebo, na kuna tovuti kama goodfirstissue.dev na up-for-grabs.net zinazokusanya za miradi mingi. Shida ni kwamba kwenye miradi maarufu isyu yafunguliwa saa mbili, saa tatu kishakuwa na foleni ya watu "nipewe mie nipewe mie" halafu aliyepewa apotea. Kwa hivyo tafuta zile za zamani kidogo, mtu aliomba, akanyamaza miezi, hakuna PR. Uliza kwa adabu kama bado yafanywa. Ama chukua ripoti ya hitilafu iliyokaa muda, ijaribu kwenye toleo jipya, andika kama bado ipo na hatua ulizofuata. Hapo hujaandika hata mstari mmoja wa kodi na msimamizi atakushukuru kwa moyo.

Lakini kile ambacho kozi haikukisema hata mara moja, na ndo kilichonikalisha kuandika yote haya, ni uanze na programu unayoitumia tayari, mahali ambapo wewe wajua kitu wao hawakijui.

Mie nilikuwa na StreetComplete, programu ya kujazia ramani, kwenye simu kabla hata ya kozi. Ni ya Android, bure, ipo Play Store na F-Droid (duka la programu huria za Android), leseni yake GPL toleo la 3. Watembea mtaani, ramani yakutolea alama, ukibonyeza wapata swali: juu ya hii barabara kuna nini, lami, mchanga, ama kabro? Hili duka lafunguliwa saa ngapi? Hili jengo ghorofa ngapi? Wajibu, na jibu laingia OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo programu za ramani kama Organic Maps na OsmAnd na wengine wengi waitumia. Eneo wateremsha ukiwa na WiFi, watembea bila data, majibu wayapeleka ukirudi nyumbani.

Nimezunguka nayo vichochoro vya Mji wa Kale na ntawapa rivyu yake ndani ya rivyu. GPS kule yarukaruka, kuta ndefu na njia nyembamba, kwa hivyo hakikisha alama uliyobonyeza ni ya kichochoro ulichosimama na si cha nyuma yake. Swali la namba ya nyumba kwetu ni mzaha tu, lakini kuna jibu la kusema jengo halina namba na mambo yakaisha. Kilichonifurahisha ni saa za maduka. Huku Ijumaa wengi wafunga saa sita kwenda msikitini wakarudi kufungua saa nane, na programu yakubali uiweke Ijumaa peke yake na vipande viwili vya saa, sehemu ya asubuhi na sehemu ya mchana. Programa aliyeko Ujerumani hata awe hodari vipi hawezi kulijua hilo kuhusu duka la vitambaa la kona ile. Wewe walijua kwa sababu ushawahi kufika ukakuta limefungwa.

Na kutoka hapo mpaka kwenye kodi si mbali. Repo yake imeandikwa kwa Kotlin, lakini ndani yake kuna mafaili madogo ya nchi nchi, kwa mfano dini gani na michezo gani ni maarufu nchi fulani, ili hivyo vitokee juu mtu akiulizwa. Ni maandishi matupu, Kotlin huhitaji. Ukiona Kenya imepangwa vile sivyo, hapo ushapata isyu ambayo una hoja nayo, wajua unachosema, na mtu akikuuliza kwa nini utajibu. Mapendekezo ya maswali mapya nayo wana masharti yake yaliyoandikwa wazi, swali lazima mtu aweze kulijibu akiwa amesimama pale pale, na mengi hukataliwa, soma zile zilizokataliwa kabla hujaleta lako. Kusoma mabishano ya zamani ya mradi kumenifundisha mengi kuliko Jumapili nzima ya kozi.

Tafsiri mwalimu aliipitia kwa sentensi moja, ati "hiyo si ya maprograma." Hapo tuligombana kidogo, kwa heshima lakini tuligombana. F-Droid, NewPipe na OsmAnd zote zatafsiriwa kupitia Weblate, tovuti ya kutafsiria programu, ambayo yenyewe ni programu huria iliyoanza 2012, na tovuti ya OpenStreetMap pamoja na MediaWiki inayoendesha Wikipedia ziko translatewiki.net. Waandika kwenye brauza tu, Weblate yakukomitia kwa jina lako. Cha kuogopa ni zile alama za %s na %d ndani ya sentensi, ambapo programu yajaza neno au namba, usiziguse wala usizipoteze, programu yaweza kuanguka kwa sababu yako. Na cha kutafuta ni pale programa alipounga sentensi kwa vipande, neno la "mpya" peke yake huku na jina la kitu kule, akidhani lugha zote zakubali. Sie hatuwezi, faili ni jipya na ujumbe ni mpya na kitu ni kipya. Ukikuta hivyo usilazimishe, fungua isyu uwaombe waandike sentensi nzima nzima, na kama wajiweza ingia kwenye kodi uitenganishe mwenyewe. Hapo ushasaidia na Kiarabu na Kirusi na lugha zote zenye tabia hiyo. Sasa niambie hiyo si ya maprograma vipi.

Kwa wale wanaojua JavaScript na wataka kitu kinachogusa nyumbani, kuna OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa. Ilianza 2004, mizizi yake iko Eldoret kwa mpango wa afya wa AMPATH pamoja na watu wa taasisi ya Regenstrief kule Indiana, Marekani, na KenyaEMR inayotumika kwenye vituo vingi vya afya nchini imejengwa juu yake. Toleo la 3 upande wa mbele ni React na TypeScript, na raha yake ni kwamba ukiendesha moduli moja kwa yarn start yajiunganisha yenyewe na seva yao ya majaribio, huhitaji kuwasha Java na databesi kwenye laptopu ya RAM GB 4 mpaka ianze kunguruma. Ila kule kuteremsha vipande vyake mara ya kwanza kwala data, fanyia mahali pa WiFi. Sio rahisi, nasema ukweli, miradi ya hospitali ina mambo mengi, lakini wamezoea wageni na wana isyu za wanaoanza zilizotengwa.

Na kama laptopu ni ya kubembeleza, kozi haikutaja Codespaces, zile mashini za GitHub za kuazima mtandaoni, kabisa na silielewi hilo. Akaunti ya kawaida ya GitHub yapewa bure masaa 120 ya kori kwa mwezi, yaani mashini ya kori mbili waitumia masaa 60, na kodi yakaa kule kule kwao, wewe unahitaji brauza tu. Kwa kitu kidogo hata hiyo huihitaji, ukiwa kwenye repo bonyeza kitufe cha nukta, edita yafunguka.

Kuhusu pesa, maana bango lao lilikuwa na dola kubwa pale katikati: Outreachy, mpango wa kulipa watu wachangie programu huria, ipo kweli, yalipa dola 7,000 kwa miezi mitatu na kazi waifanyia kwako. Google Summer of Code, mpango kama huo wa Google, nayo ipo tangu 2005, na kuanzia 2022 si lazima uwe mwanafunzi, ila malipo yake yapangwa kulingana na nchi unayoishi. Kozini zilitajwa dakika tano za mwisho na hakuna aliyeambiwa kwamba Outreachy ukishapita maombi ya kwanza kuna kipindi cha kuchangia mradi kabla hawajachagua mtu, na michango yako ya hapo ndo wanayoiangalia. Cheti chao hakina kazi yoyote pale, wala zile koma.

Kwa hivyo nani aende? Kama Git yakutisha na video hazikusaidii, nenda Jumamosi tu, niliwauliza kama siku moja yalipiwa nusu wakasema "tutaangalia," wabane hapo hapo. Kama Git waijua, baki na pesa yako. Kama unachokosa ni watu wa kukaa nao, pitia SwahiliPot, kituo cha vijana pale karibu na Fort Jesus uone siku gani kuna vikao vya teknolojia, vijana wa kule waongea na mtu.

Ukienda kozini beba ekstensheni ya stima, soketi ni chache na zile za upande wa dirisha hazishiki plagi, na wahi mbele kwa sababu nyuma WiFi yao haifiki.